Moyo wa mzazi ukisimama leba: dakika nne za mwanzo, nani afanye nini

Hii nawaandikia wenzangu wa wodi za wazazi, hasa wa hospitali ndogo ndogo, Kivunge, Makunduchi, Micheweni na kwengineko, pahala ambapo usiku unajikuta mko wakunga wawili na wazazi sita, dokta kapumzika nyumba za nyuma na mtu wa usingizi mpaka apigiwe simu. Wa Mnazi Mmoja na Abdalla Mzee na nyinyi someni tu, mana tatizo ninaloliona mie kila tukifanya mazoezi ya hii kitu si vifaa, ni kusubiri. Dokta anasubiriwa, thieta inasubiriwa itandikwe, sahihi ya mume inasubiriwa na mume mwenyewe yuko dago, kambi ya wavuvi, hana hata mtandao, na muda wote huo moyo wa mtu umesimama.

Kwa nini mzazi si sawa na mgonjwa mwengine aliyesimama moyo? Mimba ikishafika kitovuni, kiasi cha wiki 20, mwanamke akilala chali mfuko wa uzazi unailalia mishipa mikubwa ya damu iliyopita mbele ya uti wa mgongo, na ule unaorudisha damu kwenye moyo ndo unaobanwa zaidi. Sasa wewe unabonyeza kifua kwa nguvu zako zote lakini damu ya kusukumwa haijafika pale, ni kama kupiga pampu ya kisima kilichokauka. Halafu mjamzito oksijeni inamwishia haraka kuliko mtu wa kawaida, mapafu yamesukumwa juu na mtoto naye anataka fungu lake, na chakula tumboni kinarudi juu upesi kikaingia njia ya hewa. Ndo mana mambo ya kufanya ni yale yale mliyosoma ya kila mtu mzima, yakiongezwa mawili: tumbo lisukumwe kushoto tangu mwanzo, na moyo usiporudi mtoto atolewe pale pale alipo mama.

UNAJUAJE UMESIMAMA

Mwite, mtikise bega. Hajibu. Tazama kifua, huku vidole viko kwenye mshipa wa shingo, na vyote viwili usizidi sekunde 10. Kama hapumui, au anavuta pumzi moja ya kukoroma kisha kimya kisha nyengine baada ya muda, hiyo si pumzi, usidanganyike nayo, watu wengi wamepoteza dakika mbili nzima wakisema "si anahema huyo". Ukiwa huna uhakika na mshipa, anza kubonyeza. Kumbonyeza mtu ambaye moyo wake unapiga hakuna madhara makubwa, kumwacha ambaye haupigi ndo khatari.

Kuwa makini zaidi na aliyetoka kwenye degedege la kifafa cha mimba. Degedege likikata kila mtu anashusha pumzi, "haya katulia", kumbe katulia kupita kiasi. Kila degedege likiisha, tazama pumzi na mshipa, tena kwa mkono wako si kwa macho ya mlangoni.

Na usende kutafuta moyo wa mtoto. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu ndo mkono wa mkunga unakokwenda wenyewe, kwenye fetoskopu. Kwa wakati huu moyo wa mtoto haubadilishi hata jambo moja utakalolifanya, uwepo usiwepo hatua ni zile zile. Kama ana mikanda ya kupima mtoto tumboni vua tupa pembeni.

ITA WATU, NA MMOJA AWE WA SAA

Unapiga ukelele mmoja ulioeleweka, na ukelele huo mkubaliane kabla, "mzazi kasimama moyo, leba!" unatosha. Anayesikia ajue anaita watu wa aina nne: wa kukata, wa usingizi, wa mtoto na mikono ya ziada. Mikono ya ziada ni yeyote, mlinzi, mfanya usafi, dereva wa ambulensi, wanafunzi wa zamu. Kubonyeza kifua kunachosha haraka sana na mtu akifundishwa mara moja anaweza.

Halafu mtu mmoja, hata awe mwanafunzi, apewe kazi moja tu: kalamu, karatasi na saa. Huyu ndo namwita mtu wa saa. Anaandika saa moyo uliposimama, na kila dakika anaita kwa sauti: "dakika ya kwanza!", "ya pili, badilisheni mtu!", "ya tatu, kisu kiwe mkononi!", "ya nne, kata!". Katika mazoezi tuliyofanya bila mtu wa saa, ukiwauliza watu mwisho imepita dakika ngapi wanasema mbili tatu, ukitazama simu zimepita nane. Akili ya mtu aliyeshikwa na khofu haihesabu muda, na hili si la kuwalaumu, ni la kuwawekea mtu.

Kama mna madaktari wa Kichina hapo kwenu, na timu zao zinakuja kwetu tangu 1964 kwa hiyo si jambo geni, kubalianeni nao ishara mchana kweupe. Vidole vinne juu maana yake dakika nne, kata. Usiku wa saa tisa si wakati wa kutafuta mkalimani.

KIFUA

Chali kabisa, sio ubavu. Ile tabia ya zamani ya kumwinamisha mgonjwa mzima upande kwa mto chini ya kiuno wakati wa kubonyeza kifua imeshaachwa, ukibonyeza mtu aliyeinama nguvu inapotea. Magodoro yetu ya sponji yanazama, unadhani unabonyeza kifua kumbe unabonyeza godoro. Tafuteni ubao wa kuweka chini ya mgongo, seremala yeyote wa Mwanakwerekwe anakukatia, uwe mpana kuliko mabega na unafika kiunoni, usimame ukutani karibu na kitanda cha leba siku zote. Hakuna ubao, mteremsheni sakafuni.

Kiganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Zamisha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza kiachie kifua kirudi juu chote kabla ya kubonyeza tena. Mara 30 kisha pumzi 2. Kila dakika 2 mbadilishane, hata kama mwenye kubonyeza anasema bado ana nguvu, mana hatojua mwenyewe kuwa kina kimepungua. Wakunga wafupi wapandie kitu, boksi la dripu lililojaa linabeba mtu vizuri, mabega yako lazima yawe juu ya kifua chake sio pembeni.

TUMBO KUSHOTO

Pitisha mkono, mfuko wa uzazi uko kitovuni au juu yake? Basi mtu mmoja kazi yake ni tumbo na asiiwache. Mimba ya pacha inaweza kufika kitovuni mapema, kwa hiyo amini mkono wako kuliko kadi ya kliniki.

Ukisimama upande wa kushoto kwa mgonjwa, tia mikono yote miwili upande wa pili wa tumbo, kumbatia mfuko, uvute kuja kwako na juu kidogo kuelekea darini. Ukisimama upande wa kulia sukuma kwa mkono mmoja kuelekea kushoto kwake na juu. Kosa ninaloliona sana ni mtu kulisukuma chini, analigandamiza kwenye uti wa mgongo, yaani anaongeza ule ule ubanaji tunaoukimbia. Kuvuta kwa upande wa kushoto ni rahisi zaidi na hukorofishani na anayebonyeza kifua, kwa hiyo ikiwezekana wa kifua akae kulia, wa tumbo kushoto. Na kushoto ni kushoto kwa mama. Chora mshale ukutani kama watu wanachanganya, si aibu.

PUMZI

Safisha mdomo kwa sakshen, mashine ya kufyonza, kama kuna matapishi, inua kidevu, barakoa ya ambu bagi (mfuko wa kuminya hewa iingie mapafuni) ikae sawasawa, watu wawili ni bora: mmoja anashika barakoa kwa mikono miwili, mwengine anaminya. Oksijeni iwe ya juu kabisa, na hakikisha mpira umechomekwa kwenye mtungi wenye gesi, sio mtungi tu. Kila pumzi sekunde moja, kifua kinyanyuke kidogo basi, ukiminya kwa nguvu unajaza tumbo hewa na chakula kinapanda.

Kutia mpira kooni ni kazi ya aliyezoea zaidi aliyepo, na mpira uwe mdogo kidogo, wa 6 mpaka 7, kwa sababu koo la mjamzito limevimba. Majaribio mawili yakishindikana rudini kwenye barakoa au ile ya kukaa juu ya koo, msishindane na mpira huku mtu anakufa. Mpira ukishaingia, kifua hakisimamishwi tena kupisha pumzi, minya moja kila sekunde 6.

SHOTI NA DAWA

Kama mashine ya kupiga shoti, ya kuushtua moyo kwa umeme, ipo, iwasheni, bandikeni, na ikisema piga, pigeni. Nguvu ni zile zile za mtu yeyote, mtoto haumii na hiyo, watu waliopoteza nafasi kwa kuogopea mtoto wamewapoteza wote wawili. Kama haipo, na sehemu nyingi haipo, msikae kuililia. Wazazi wengi moyo unasimama kwa sababu ya damu kuisha au hewa kukosekana, na hapo shoti si dawa yake hasa.

Kanula mbili nene, za 14 au 16, na zote mikononi. Mguuni usitie, dawa ya mguuni inapita kwenye ule mshipa uliobanwa na haifiki. Adrenalini miligramu 1 kwenye mshipa, isukumwe na maji, irudiwe kila dakika 3 mpaka 5, mtu wa saa anaandika kila moja. Kipimo hakipunguzwi kwa sababu ya mimba.

DAKIKA YA NNE

Hapa ndo penye uzito. Mimba iko kitovuni au juu, mmebonyeza vizuri, tumbo limevutwa, na dakika nne zimetimia moyo haujarudi: mtoto anatolewa kwa kukatwa, shabaha awe nje dakika ya tano. Hamkati kwa ajili ya mtoto, mnakata kwa ajili ya mama. Hata kama mnajua kuwa mtoto keshafariki tumboni tangu jana, mnakata, kwa sababu mfuko ukiwa mtupu mishipa inafunguka, damu inarudi kwenye moyo na mapafu yanapata nafasi. Kuna wanawake ambao moyo umerudi mara tu baada ya mtoto kutoka. Na kama kuna jambo lililo wazi kuwa hatorudi kwa kubonyeza, mathalan ajali mbaya ya gari, au mmemkuta kishasimama moyo hamjui tangu lini, dakika nne hazisubiriwi, anzeni kukata.

Mnakatia wapi? Pale pale. Kitandani leba, sakafuni mapokezi, popote moyo uliposimamia. Mkianza kumsukuma kwenda thieta kifua kinabonyezwa ovyo ovyo koridoni, lifti inagoma, mlango umefungwa, na dakika zote zimeishia njiani. Thieta mtakwenda baadae, moyo ukirudi.

Mnahitaji nini? Kisu. Kisu kimoja cha upasuaji chenye mpini, basi, vilivyobaki ni nyongeza. Kisanduku chetu kina kisu, mikasi, klempu mbili za kitovu, vitambaa vikubwa vya thieta, nyuzi, glavu na chupa ya ayodini. Kinakaa juu ya troli ya emajensi hakina kufuli. Nimefika sehemu moja nikaomba kuoneshwa kisu, nikaambiwa kipo kabatini, ufunguo anao inchaji, inchaji yuko likizo. Kisu cha namna hiyo hakipo.

Ayodini mwaga kama iko mkononi, kama haiko usiifuate. Mpira wa mkojo usitiwe sasa. Hakuna kupima mtoto, hakuna kuhesabu vitambaa. Anayekata akate kwa njia aliyoizoea zaidi, ya kusimama kutoka kitovuni kwenda chini inaonesha vizuri na ina damu kidogo kwenye ngozi lakini kama mkono wako umezoea ya kulala na unaifanya haraka, fanya hiyo. Kifua kinaendelea kubonyezwa muda wote, mwenye kubonyeza haangalii chini. Wa tumbo anaendelea kuvuta mpaka mtoto atoke, achunge tu asikatwe yeye. Mtoto atoke, kitovu kibanwe kikatwe, apewe wa mtoto. Kondo itolewe, mfuko ufutwe, tumbo lijazwe vitambaa, kushona kuje taratibu.

Mtashangaa damu ni kidogo. Ni kidogo kwa sababu moyo haupigi, usiifurahie. Moyo ukirudi ndo itamwagika, kwa hiyo mtu awe keshaandaa damu na oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi. Oksitosini iende taratibu kwenye dripu, usiisukume yote kwa mkupuo kwenye mshipa, inashusha presha na inaweza kuusimamisha moyo tena.

Kama mlango wa uzazi umefunguka wote na kichwa kiko chini kabisa, mkunga mzoefu anaweza kumvuta kwa vakyumu haraka kuliko kukata. Lakini mkiona mnajadiliana, kateni. Na zikipita dakika tano bado hamjaanza, msiseme tumechelewa tena basi, kwani wapo waliopona kwa kuchelewa zaidi ya hapo.

Nani wa kukata? Dokta wa upasuaji akiwepo ni yeye. Akiwa hayupo ni yule mwenye ruhusa na mafunzo ya kufanya opereshini ya uzazi aliyekaribu kuliko wote. Jina hilo lijulikane kila zamu inapoanza, lisemwe kwa mdomo wakati wa kukabidhiana: "leo akitokea wa kusimama moyo, anakata fulani". Sahihi ya mume haisubiriwi, na mkae na uongozi wenu siku ya salama mliandike hilo kwenye karatasi ya hospitali, ili mkunga asikae anajiuliza peke yake. Jamaa waambiwe papo hapo na mtu mmoja aliyetulia: "Bibi, moyo wa binti yako umesimama, tunamtoa mtoto ili tumuokoe yeye mwenyewe, nakuomba ukae hapa na mie." Wakisikia kutoka dirishani kuwa mtu kapasuliwa kitandani, hapo mtakuwa na kazi nyengine.

MTOTO

Mtu wake, meza yake, vifaa vyake, mbali kidogo na mama. Mkaushe, mfunike, msugue mgongo, hajalia muanze ambu bagi ndogo ndani ya dakika ya kwanza, pumzi 40 mpaka 60 kwa dakika. Msilazimishe mtu mmoja kugawika baina ya mama na mtoto, hatomsaidia yeyote.

TAFUTA SABABU WAKATI MNABONYEZA

Kiongozi wa timu habonyezi wala hakati, anasimama miguuni na anafikiri. Damu imetoka? Tazama chini ya kitanda, tazama kanga alizokuja nazo, na kumbuka iliyojificha: tumbo gumu kama ubao kwa kondo iliyobanduka, mfuko uliopasuka kwa mwenye kovu la opereshini. Wazazi wetu wengi wanaingia leba na damu ndogo tangu kliniki, na aliyekuja na damu 6 hawezi kustahimili mwago ambao mwenye 12 anaustahimili. Baada ya kuzaa, TXA (dawa ya kupunguza kutoka damu) gramu 1 kwa dakika 10 kwenye mshipa, ndani ya saa 3, na ule mfuko wa plastiki wenye vipimo wa kukingia damu utumieni. Utafiti uliotoka 2023 katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania ulionesha mfuko huo ukienda pamoja na matibabu yote kwa mkupuo unapunguza damu nyingi na matokeo yake mabaya kwa asilimia 60. Hiyo ni kumzuia asifike huku kabisa.

Alikuwa kwenye magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege? Hili nalikazia. Mgonjwa wa kifafa cha mimba anadungwa gramu 4 za mshipa na 10 za matakoni kituo cha mwanzo, anapandishwa gari, karatasi ya rufaa haikuandikwa saa, anafika hospitali kubwa anaanzishiwa upya. Magnesiamu ikizidi goti halirushi mguu ukiligonga, pumzi zinashuka chini ya 16, kisha zinasimama, kisha moyo. Ikiwa ndo hivo, funga dripu ya magnesiamu, toa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 15 mpaka 30 kwenye mshipa kwa dakika 2 mpaka 5, huku kifua kinaendelea. Kalsiamu ikae kisanduku kimoja na magnesiamu, isikae duka la dawa.

Katoka kupigwa sindano ya mgongo? Ganzi inaweza kupanda. Atakwambia mikono mizito, sauti inakuwa ndogo, pumzi inakata, mapigo yanashuka. Huyo ukimwahi kwa ambu bagi na adrenalini ana nafasi nzuri, mana moyo wake hauna ubovu wowote. Ganzi ikiwa imeingia kwenye mshipa wa damu dawa yake ni mafuta ya dripu ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kila kilo, kama thieta inayo.

Kaanguka ghafla tu katikati ya uchungu, au mara baada ya mtoto kutoka, akakosa pumzi na baadae damu haigandi? Fikiria maji ya uzazi yameingia kwenye damu. Kipimo cha kuganda mnakifanya wenyewe: mililita 2 za damu kwenye chupa ndogo ya kioo kavu, shika kiganjani ipate joto, baada ya dakika 4 inamisha, ikifika 7 bado maji maji damu haigandi, pigeni simu ya damu nyengine na nyengine. Moyo ulioweka maji baada ya kuzaa, bonge la damu lililopanda mapafuni kutoka mguuni, maambukizi makali, yote yamo, na kila moja lina tiba yake lakini hakuna inayofanya kazi bila kifua kubonyezwa.

AKIANGUKIA NYUMBANI AU NJIANI

Hapa nazungumza na jamaa na wale wa kujitolea wa afya wa shehia. Kukata si kazi yenu, wala msijaribu. Kazi yenu ni mbili, kifua na tumbo. Mlazeni chali sakafuni pagumu, mmoja anabonyeza kifua kama nilivyoeleza hapo juu, mwengine anavuta tumbo kuja kushoto kwa mama, wa tatu anapiga simu na kutafuta gari. Msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe maji wala kombe la maandishi ya Kurani maadam hana fahamu, chochote cha maji kitaingia mapafuni. Anayetaka kumsomea amsomee huku anahesabu zamu yake ya kubonyeza, havigombani.

Kwa watu wa Tumbatu, Kojani na Fundo najua boti ndo ambulensi yenu. Kama amezimia lakini anapumua, alale ubavu wa kushoto, mtu akae nyuma yake kumzuia, na atazamwe kifua safari nzima. Akisimama moyo ndani ya boti, mlazeni juu ya mbao za chini, mbonyeze, na nahodha asisimamishe boti. Pigieni hospitali mkiwa bado majini ili timu iwasubiri gatini na kisu chao.

MOYO UKIRUDI

Kama bado ana mimba, mgeuzeni ubavu wa kushoto kabisa. Kama ameshakatwa, sasa ndo thieta, kusafisha, kushona, antibayotiki na damu. Oksijeni isikate, presha kila dakika 5, pima sukari. Magnesiamu kwa mwenye kifafa inaweza kuendelea ikiwa siyo iliyomsimamisha.

Kutoka Pemba kwenda Unguja asipelekwe mpaka presha imeshika, na aende na mtu anayejua kutumia ambu bagi, si jamaa peke yao na nesi wa kuazima. Karatasi ya mtu wa saa inakwenda naye, ifungwe kwenye kadi yake kwa plasta: saa moyo uliposimama, saa mtoto alipotoka, saa uliporudi, adrenalini ngapi, TXA lini, magnesiamu lini na kiasi gani, damu chupa ngapi. Pigeni simu kwa anayempokea mumsomee hayo hayo kabla hamjaondoka, na mwambieni awasomee nyinyi kile alichokiandika.